Usikimbilie kuing'oa themostati: maswali yenu kuhusu gari za spoti za zamani zinazochemsha

Wasomaji wangu, barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja, gari inachemsha, na karibu kila aliyeandika ameshaambiwa na mtu kwamba dawa ni kubadilisha themostati au kuitoa kabisa itupwe. Nimechagua sita. Zingine nimezijibu kwa urefu maana zina mengi ndani yake, zingine jibu lake ni fupi na halihitaji kuzungushwa.

SWALI: Habari fundi. Nina MGB ya 1972, injini 1800, kabureta mbili. Nikiwa barabara kubwa haina shida, mshale wa geji unakaa katikati, ila nikikwama foleni robo saa mshale unapanda mpaka karibu na nyekundu na nisipozima inaanza kumwaga maji. Nimeshauriwa nitoe themostati ya digrii 82 niweke ya 74. Itasaidia?

JIBU: Ndugu yangu, itakupa dakika chache halafu utarudi pale pale. Ngoja nieleze taratibu kwa sababu hapa ndo kwenye mzizi wa barua nyingi ninazopata.

Themostati ni mlango tu. Ndani yake kuna kikopo kidogo kimejazwa nta, nta ikiyeyuka inavimba, inasukuma pini, pini inafungua vali iliyobanwa na springi, maji yanaanza kwenda kwenye rejeta. Ile namba iliyogongwa juu yake, 74 au 82 au 88, ni digrii za Selsiasi ambazo mlango UNAANZA kufunguka, kufunguka wote kunataka kama digrii 10 mpaka 15 zaidi. Kwa hiyo ya 82 ikifika tisini na kitu iko wazi kabisa, ya 74 iko wazi kabisa mapema zaidi, na baada ya hapo hamna kitu kingine inachoweza kufanya. Kazi yake ni kuzuia injini isikae baridi. Kuizuia isipate moto kupita kiasi haiwezi, hilo linaamuliwa na rejeta, feni, pampu ya maji na hewa inayopita.

Sasa wewe mshale ukiwa karibu na nyekundu maji yako yameshapita 100, maana yake themostati zote mbili, ya 74 na ya 82, zingekuwa zimefunguka mpaka mwisho kitambo. Tofauti pekee ni kwamba kwa ya 74 unaanza kupanda ukiwa chini kidogo, ndo maana watu wanaibadilisha, wanaona foleni ya kwanza imepita salama, wanasema imepona, wiki inayofuata wanakwama mara mbili zaidi ya ile na wanachemsha vile vile.

Gari yako imeshakuambia ugonjwa wake yenyewe. Injini inayopoa ikitembea na kuchemsha ikisimama, maji yake yanazunguka, kinachokosekana ni hewa. (Ingekuwa kinyume chake, foleni safi halafu inachemsha kwenye spidi au mlima mrefu, ningekuambia uangalie rejeta iliyoziba ndani, hosi ya chini inayonyonywa ikajibana kwa sababu ile springi yake ya ndani imeoza, mchanganyiko wa petroli uliokonda, au hedi gasketi, ile ya kati ya bloki na kichwa cha injini.) Kwa hiyo anza na feni. Angalia mkanda, ukilegea feni na pampu vyote vinazunguka kivivu. Angalia mapezi ya rejeta kwa upande wa mbele, wadudu na vumbi la miaka hamsini vinajaa pale mpaka hewa haipiti, safisha kwa maji ukipiga kutoka upande wa injini kwenda mbele. Halafu angalia bati zinazoziba nafasi kati ya rejeta na bodi, hizi watu wanazitoa wakati wa kupaka rangi na hawazirudishi, sasa hewa ikiona njia rahisi ya pembeni inapita huko na rejeta inaachwa. Nimeona gari iliyobadilishiwa rejeta, pampu na themostati na ikaendelea kuchemsha, kumbe kilichokosekana ni vipande viwili vya bati na sponji ya kuzibia.

Kitu cha pili ambacho watu hawakifikirii ni taiming, yaani wakati ambao cheche ya plagi inawaka. Cheche ikichelewa, petroli inaendelea kuungua wakati pistoni imeshaanza kushuka na vali ya moshi inakaribia kufunguka, moto ule badala ya kusukuma pistoni unaishia kwenye kuta za silinda na njia ya moshi, yaani kwenye maji yako. Kwenye saileni, injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, ndo inaonekana zaidi. Pima na taa ya taiming, usitegemee sikio, na hakikisha vakiumu ya distribyuta, kile kikopo kinachowahisha cheche, inafanya kazi maana ule mpira wake wa ndani ukishapasuka hauonekani kwa nje.

Cha tatu mfuniko wa rejeta. Kila pauni moja ya presha inapandisha kiwango cha kuchemka kwa karibu digrii moja na nusu mpaka mbili, hivyo mfuniko wako wa pauni 10 ukiwa mzima maji matupu yatachemka kwenye kama 115 badala ya 100. Springi ikichoka, umepoteza hizo digrii 15 zote na gari inamwaga maji wakati injini yenyewe haijafika pabaya. Ni kitu kidogo sana ila usiweke wa presha kubwa kuliko wa kiwanda ukidhani unaongeza dawa, rejeta ya shaba iliyochomelewa miaka hiyo haikutengenezwa kwa presha hiyo, na matrikisi ya hita, ile rejeta ndogo ya kupasha joto ndani ya gari, ndo itakayopasuka kwanza, juu ya miguu yako.

Na 74 ina mahali pake. Kitabu cha MGB chenyewe kilitaja themostati tatu, 74 kwa nchi za joto, 82 kwa kawaida, 88 kwa baridi. Mi ningebaki na 82 hata kwenye joto kama mfumo ni mzima, maana oili inapata moto nyuma ya maji na ikikaa baridi haiwezi kukausha unyevu na petroli vinavyoingia ndani yake kila unapowasha.

SWALI: Shikamoo fundi. Gari ni Triumph TR4 ya 1963. Ilikuwa inapata moto nikaitoa themostati. Mwanzo safi, ila sasa nikipanda mlima inachemsha kuliko zamani. Rafiki yangu anasema maji yanakimbia sana kwenye rejeta mpaka hayapati muda wa kutoa joto. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako ameona ukweli, ila sababu aliyoitoa sio yenyewe, na naomba anisamehe kwa sababu maneno hayo nimeyasikia hata kwa mafundi wazuri sana niliowaheshimu. Maji yakienda haraka, kila lita inaacha joto kidogo kwenye rejeta, sawa, lakini zinapita lita nyingi zaidi kwa dakika na jumla yake joto linalotoka linaongezeka. Ingekuwa maji ya pole pole ndo yanapoza vizuri tungefunga pampu ndogo na maisha yangekuwa rahisi.

Kilichotokea kwako ni baipasi. Kwenye hiyo injini kuna hosi fupi inayorudisha maji moja kwa moja kwenye pampu bila kupita rejeta, ili injini ikiwa baridi maji yaendelee kuzunguka na isitokee sehemu moja ikaiva wakati nyingine bado. Themostati ya kiwanda ilikuwa ya aina ya mvukuto, yaani kikopo chenye mikunjo kinachotanuka kikipata moto, na ilikuwa na pete pana inayoning'inia kama sketi, mlango wa rejeta ukifunguka ile sketi inasogea na kuziba tundu la baipasi, maji yote yanalazimika kwenda mbele. Ukiitoa, baipasi imebaki wazi muda wote. Maji hayana akili, yanafuata njia nyepesi, sehemu nzuri yanazunguka tu ndani ya injini yakiwa ya moto vile vile huku rejeta inapata mabaki. Kwenye tambarare huoni kitu. Ukipanda mlima, joto limezidi, ndo unakamatwa.

Na hapa kuna mtego ambao unawakuta hata waliobadilisha themostati kwa uaminifu kabisa. Themostati nyingi za nta zinazouzwa siku hizi zinaingia kwenye nyumba ya ile ya zamani vizuri tu, ila HAZINA sketi. Umefunga mpya, umefanya kila kitu sawa, na baipasi bado iko wazi. Shida hii iko kwenye TR za silinda nne, iko kwenye Austin-Healey 3000, iko kwenye Jaguar za injini ya XK pia, kwa hiyo wenye hizo gari naomba mtoe ile ya zamani muilinganishe na mpya mkononi kabla ya kufunga. Tafuta yenye sketi, zinapatikana kwa wauza spea za gari za zamani. Ukikosa kabisa, wenye TR wengi wanaweka kizibo ndani ya hosi ya baipasi chenye tundu dogo, kama milimita 6 mpaka 9, usizibe yote maana injini ikiwa baridi inahitaji ule mzunguko mdogo.

Kwa nini viwanda viliacha mvukuto wakaenda kwenye nta? Mvukuto una kimiminika kinachochemka mapema, na presha ya mfumo inaubana, sasa mifuniko ya rejeta ilivyoendelea kupandishwa presha mvukuto ukawa unachelewa kufunguka. Nta haijali presha. Ila mvukuto ulikuwa na wema wake mmoja, ukipasuka mara nyingi unabaki wazi na unafika nyumbani, ya nta ikifa inaweza kukwama imefunga na hiyo ndo inayoua hedi.

Kitu kingine, hata ukiachana na baipasi, themostati inaweka kizuizi kidogo kwenye mkondo, na pampu ikisukuma dhidi ya kizuizi hicho presha ndani ya bloki inapanda kidogo, hivyo maji yaliyogusana na chuma karibu na vali za moshi hayageuki povu la mvuke kirahisi. Mvuke haubebi joto kama maji. Ndo maana kwenye injini ndogo za BMC (British Motor Corporation) za mashindano, mafundi wakitoa themostati hawaachi nyumba tupu, wanaweka bomba maalum la kubana ili maji yafike mpaka silinda ya nyuma.

Na kwenye injini ambazo hazina baipasi ya namna hiyo, ukitoa themostati mara nyingi utapata kinyume, injini itakaa baridi safari nzima, mshale hautoki chini. Watu wanafurahi wakiona hivyo, mi naumia nikiona. Petroli haikauki vizuri, inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinakula, na chini ya mfuniko wa oili unakuta utelezi mweupe kama maziwa ambao mtu akiuona anadhani hedi gasketi imekwenda na anafungua injini bure.

Kwa TR4 yako nakuomba pia ufungue bomba la kumwaga maji la kwenye bloki, sio lile la rejeta peke yake. Injini hiyo silinda zake ni laina, mabomba ya chuma ya kuchomeka yanayozungukwa na maji, na tope la kutu linatulia chini ya laina miaka na miaka. Ukifungua bomba na hakitoki kitu, usifurahi kwamba hakuna uchafu, tope limeziba tundu. Chokoa na waya mpaka litoke.

SWALI: Fundi, Datsun 240Z, nimetoa feni ya kiwanda nikaweka ya umeme. Themostati ni 82, swichi ya feni inawaka kwenye 80. Feni haizimi kamwe na bado jioni kwenye foleni joto linapanda. Nimekosea wapi?

JIBU: Digrii za swichi ziko chini ya za themostati, ndo kosa. Maji hayawezi kukaa chini ya 82 kwa sababu themostati ndo inayoyashikilia pale, kwa hiyo feni inasubiri 80 ambayo haitakuja, inaungua umeme siku nzima na kumaliza brashi zake. Weka swichi inayowaka kwenye 92 mpaka 95 na kuzima kwenye 85 au 88 hivi, juu ya pale themostati inapofunguka. Hizo namba ni kama sensa iko upande wa maji yanayotoka injini, ukiiweka hosi ya chini ambako maji yameshapozwa unahitaji swichi ya digrii za chini zaidi.

Halafu kuhusu kupanda jioni, shika karatasi nyepesi mbele ya rejeta feni ikiwa inazunguka. Ikivutwa na kugandana na rejeta, sawa. Ikisukumwa nje, waya zimegeuzwa na feni yako inapigana na upepo wa gari, kosa hili nimelikuta mara nyingi kuliko unavyodhani. Na feni ikae nyuma ya rejeta ikivuta, ndani ya kava linaloziba rejeta yote, maana feni bila kava inavuta hewa kwenye duara lake tu na kona zote zinabaki bure. Ukishapita kilomita 50 au 60 kwa saa upepo wenyewe unatosha na feni inapaswa kuwa imelala.

SWALI: Jaguar E-Type 4.2 ya 1966. Geji ya joto inaonyesha juu sana ila maji hayamwagiki wala sisikii harufu. Cha ajabu geji ya mafuta nayo siku hizi inaonyesha tenki limejaa kuliko ninavyojaza.

JIBU: Dada, hiyo sentensi yako ya mwisho imenifurahisha maana umejijibu bila kujua. Geji hizo mbili zinakula umeme kutoka kwenye kifaa kimoja, stebilaiza, kazi yake ni kuzipa wastani wa volti 10 hata kama alteneta inatoa 14. Ikiharibika, au waya wake wa eathi ukilegea, zote mbili zinapanda pamoja. Kaza na kusafisha eathi kwanza, ikishindikana badilisha stebilaiza. Kabla ya kununua chochote cha kupoza injini, pima joto la nyumba ya themostati kwa kipimajoto cha mionzi, kile cha kuelekeza kama tochi, ila piga sehemu iliyopakwa rangi nyeusi au uliyobandika tepu nyeusi kwa sababu aluminiamu inayong'aa inakidanganya.

Ingawa na mimi sikatai, E-Type za mwanzo zilikuwa na hewa kidogo kweli. Toleo la pili la 1968 kiwanda chenyewe kiliongeza ukubwa wa mdomo wa mbele na kuweka feni mbili za umeme, kwa hiyo anayeongeza feni bora kwenye ya 1966 hafanyi dhambi.

SWALI: Porsche 911 ya 1984 haina maji, je ina themostati?

JIBU: Inayo, ya oili. Injini ile inapozwa na feni kubwa inayozungushwa na mkanda pamoja na oili nyingi, na oili ikifika kwenye themanini na kitu themostati inaifungulia njia ya kwenda kwenye kipoza oili cha mbele, ndani ya madigadi ya gurudumu la kulia. Gusa mabomba yanayokwenda mbele baada ya safari ndefu, yakiwa baridi na geji ya oili iko juu, themostati imekwama. Kipimo cha oili chukua injini ikiwa ya moto, inaunguruma saileni, sehemu tambarare, ukipima imezimwa utaongeza oili isiyohitajika. Na ule mkanda ukikatika, zima hapo hapo, usijaribu kufika mbele kidogo.

SWALI: Nina Alfa Romeo Spider, nimepata themostati mpya kwenye boksi. Kuna haja ya kuipima? Na niweke kulanti gani (ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) au maji tu yanatosha?

JIBU: Ipime, nakusihi. Mwaka fulani nilifunga themostati mpya kabisa kwenye gari ya mteja bila kuipima kwa sababu nilikuwa na haraka, ikafunguka nusu tu, gari ikarudi imevutwa na hedi imepinda. Gharama nilibeba mimi na tangu siku hiyo hakuna themostati inayoingia kwenye injini bila kupita kwenye sufuria. Ifunge uzi kwenye mdomo wa vali, uizamishe kwenye maji isiguse chini ya sufuria, weka kipimajoto, washa moto mdogo huku unakoroga. Pale itakapoachia uzi na kudondoka ndo joto lake la kuanza kufunguka, likipishana na namba yake kwa digrii mbili tatu sio neno. Endelea kupasha uone imefunguka yote, halafu iache ipoe uone imefunga yote, maana zipo zinazofunguka vizuri na kushindwa kurudi.

Maji tu, hapana. Injini yako ni aluminiamu bloki na hedi, maji matupu yataila. Kulanti nusu kwa nusu inazuia kuganda mpaka kama 37 chini ya sifuri na inachemka kwenye kama 107 bila presha, ila kumbuka inabeba joto kidogo kuliko maji yenyewe, kwa hiyo kama unakoishi hakugandi unaweza kushuka mpaka theluthi moja ya kulanti na injini ikapoa vizuri zaidi, usiende chini ya hapo kwa ajili ya kutu. Kwa rejeta za shaba zilizochomelewa kwa risasi mi natumia kulanti ya aina ya zamani yenye silikati na naibadilisha kila miaka 2. Zile za kisasa za kukaa muda mrefu zingine hazipatani na risasi ya kuchomelea wala na sili za miaka hiyo. Na zile kulanti zisizo na maji kabisa, ni kweli hazichemki mpaka kama 180, lakini hazibebi joto vizuri kama maji na chuma chenyewe kinakaa cha moto zaidi, kwa hiyo kama mfumo wako unachemsha leo zitauficha ugonjwa tu.

Wakati wa kufunga, kikopo cha nta kielekee upande wa injini, ukiigeuza nta haitagusa maji ya moto na haitafunguka. Kama haina kitundu cha kutoa hewa toboa kimoja cha milimita 3 pembeni na kikae juu kabisa. Jaza pole pole, pua ya gari ikiwa imeinuliwa, hita imefunguliwa mpaka mwisho, minya hosi ya juu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, washa ipate moto mpaka usikie rejeta nayo imepata moto, zima, na usifungue mfuniko mpaka ipoe kabisa. Kesho yake asubuhi ikiwa baridi ongeza maji yaliyopungua, yatakuwa yamepungua kidogo.